Makoroboi, Mwezi wa Nane

Nkwimba amekuja likizo kutoka Dodoma,
ana miaka tisa na maswali ya mtu mzima.
"Shangazi, mbona hapa panaitwa Makoroboi
na mimi naona ndala, mapazia, chaja za simu?"

Nanunua muda. Nanunua muwa uliomenywa,
tunakaa kwenye jiwe lenye joto la mkate.
Mwanza haikosi mahali pa kukaa:
mawe yalifika kabla yetu
na hayajawahi kudai kodi.

Kiangazi. Vumbi limepaka mabati yote rangi moja.
Mlimani nyumba zimeng'ang'ania majabali
kama mbuzi waliopanda wakasahau walichofuata.
Kule chini ziwa limelala, halina hata kunyanzi,
lina rangi ya sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.

Hapa, Nkwimba, ndipo alipokaa babu yako,
Lugembe fundi bati,
mguu mmoja kaukunja, mwingine kaunyoosha kwa ajili ya goti.
Kopo la maziwa, la siagi, la dawa ya mbu,
lote lilipita mikononi mwake kabla ya jalalani.
Alikata, akakunja, akatia lehemu,
utambi akausokota kwa pamba
iliyodondoka relini, marobota yalipopasuka.
Pamba ya Usukuma ilikwenda Ulaya ikarudi shati;
iliyobaki njiani
sisi tuliiwasha.

Nilisomea taa hiyo. Puani masizi,
asubuhi mwalimu Majura akitukagua kucha
anatukuta sote tuna masharubu.

Halafu mwaka wa tisini na sita, mwezi wa tano.
Meli ilitoka Bukoba usiku, haikufika gatini.
Nilikuwa na umri wako.
Kilio sikikumbuki. Nakumbuka foleni.
Watu walikuja hapa kutafuta taa za matanga,
maana kila ua ulikesha,
Jumatano, Alhamisi, Ijumaa,
hadi kwenye mkeka wa babu yako
pakabaki vipande vya bati na mkasi.
Hakuwahi kuuza vile, kabla wala baadaye.
Usiku pesa aliziweka mezani, hakuzihesabu,
na mama hakuthubutu kuzisogeza
ingawa sahani zilikosa pa kukaa.
Kulipokucha akazifunga kwenye leso
akaenda nazo Igoma, kwa miguu, na goti lile.
Alirudi jioni mikono mitupu,
akaketi, akaomba aletewe kopo.

Nkwimba anatema makapi ya muwa.
"Alikuwa anauza bei gani?"
Shilingi mia.
"Na wiki ile?"
Hamsini.

Jua likipungua makali tunateremka Mwaloni.
Korongo wamesimama juu ya mapaa
kama walinzi wasiolipwa mwezi wa tatu sasa.
Mama Nyanjura anageuza dagaa kwa fagio la chelewa,
fedha inalala ubavu huu, inalala ubavu ule,
na harufu inatuingia hadi kwenye nywele.
Mtoto anaziba pua, kisha anasahau, kisha anaonja.
Vijana wa mitumbwi wanapakia nyavu, wanatukanana kwa upendo,
mmoja anafuta kioo cha taa kwa fulana yake.
Leo hakuna mwezi. Usiku mzuri kwa dagaa.

Giza linashuka ghafla, kama kawaida yake huku,
na taa zinaanza: moja, nne, kumi na tisa,
mpaka ng'ambo ile inakuwa mji
usio na barabara wala mlima.
Nkwimba anahesabu kwa kidole, anapotea, anaanza upya.
Kisha kwa sauti ya chini:
"Shangazi, ndiyo zile? Makoroboi?"

Zile ni za betri. Zimetoka China, zina waranti ya miezi sita.

Nikasema ndiyo.

Mbu wakatuanza. Ndala yake moja haikuonekana,
tukaitafuta mchangani kwa mwanga wa simu.